Dawa ya Magugu: Kabla Hujafungua Kizibo

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe dawa ya magugu."

"Ipi, mzee?"

"Ile ya kizibo cheusi. Mwaka jana iliua vizuri."

Nilikuwa wa tatu kwenye foleni, katika duka moja la pembejeo mjini Babati, mvua zikiwa zimeshika na kila mtu ana haraka ya kurudi shambani. Kijana wa dukani alinyoosha mkono, akashusha chupa ya lita moja, akaiweka kaunta. Hakuuliza mzee amepanda nini, na mzee hakusema. Chupa yenyewe ilikuwa ya 2,4-D, dawa inayoyaacha mahindi na kuua takriban kila mmea wa majani mapana. Noti zilikuwa zimehesabiwa nusu pale mama mmoja, jirani yake, alipouliza kutoka nyuma: "Baba, si umechanganya na mbaazi safari hii?" Mwaka uliopita shamba lile lilikuwa la mahindi matupu. Sasa lilikuwa na mistari ya mbaazi kati ya mahindi, na mbaazi ni mmea wa majani mapana. Mzee akarudisha noti mfukoni.

Mbaazi zile ziliokolewa na jirani mwenye kumbukumbu. Si kila foleni ina jirani wa namna hiyo, kwa hiyo mkulima inabidi ajiulize mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani: shambani kuna gugu gani, limefikia umri gani, na limesimama karibu na zao gani? Jina la dawa linakuja baada ya majibu hayo matatu.

KWA NINI CHUPA ZIMEJAA MADUKANI

Dawa za magugu si ngeni. 2,4-D iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1940, Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikimalizika. Atrazini ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1950, na parakwati mwaka 1962. Mwaka 1970 mwanakemia John Franz wa kampuni ya Monsanto, Marekani, aligundua kuwa glaifoseti inaua magugu, na mwaka 1974 ikaanza kuuzwa kwa jina la Roundup. Kwa muda mrefu dawa hizi zilikuwa za mashamba makubwa. Mkulima wa ekari mbili alizisikia tu.

Mambo mawili yakageuza hali. La kwanza ni bei. Hataza ya glaifoseti ilikwisha Marekani mwaka 2000, viwanda vingine, hasa vya China, vikajitosa kuitengeneza, na bei ikaporomoka. Leo mtu husema "nimepiga raundapu" hata kama chupa yake ina jina jingine kabisa. La pili ni mikono. Vijana wamekwenda mjini au wako kwenye bodaboda, na vibarua waliobaki wanatafutwa na kila mtu katika wiki zile zile. Mahindi nayo hayasubiri. Yakizidiwa na magugu katika wiki tatu hadi sita za mwanzo baada ya kuota, palizi ya baadaye itasafisha shamba lakini haitarudisha mavuno yaliyokwisha kupotea. Kazi inayochukua watu kadhaa siku kadhaa kwa jembe la mkono, mtu mmoja mwenye bomba la mgongoni huimaliza kwa nusu siku.

Nafuu hiyo ni ya kweli, hasa kwa wanawake na watoto ambao migongo yao ndiyo hubeba sehemu kubwa ya palizi. Ina upande wa pili pia. Kibarua aliyetegemea ujira wa palizi hukosa kazi. Na mboga zinazojiotea katikati ya mahindi, mchicha pori, mnavu, mgagani na mlenda, hufa pamoja na magugu. Anayepiga hesabu ya gharama za dawa akihesabu na kikapu hicho cha mboga, hesabu yake itakuwa kamili.

SWALI LA KWANZA: GUGU GANI?

Ingia shambani ukachuchumae. Magugu hugawanyika katika makundi matatu, na kila kundi lina mlango wake wa kuingilia.

Kundi la kwanza ni majani mapana: kishonanguo, mchicha pori, gugu karoti na wenzao. Haya ndiyo 2,4-D huyapata vizuri yakiwa machanga. Gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe, lilionekana Arusha mwaka 2010 na limekuwa likisambaa kandokando ya barabara na malishoni. Ukiling'oa, vaa glovu, kwani huwasha ngozi na kuleta vipele. Ling'oe kabla halijatoa maua.

Kundi la pili ni nyasi. 2,4-D hainyooshi mkono huko, kwa sababu mahindi yenyewe ni jamii ya nyasi, na dawa inayoyapendelea mahindi huzipendelea na nyasi nyingi. Hapa sangari ndilo gugu la kuheshimu. Linatambaa chini ya udongo kwa vijiti vyeupe vyenye vifundo. Ukilikata kwa jembe vipande ishirini, umepanda miche ishirini. Dawa inayolifaa ni ile inayosafiri ndani ya mmea, kama glaifoseti, ikipigwa kabla ya kupanda, sangari likiwa na majani mabichi ya kutosha kunywa dawa. Kisha usiguse udongo kwa wiki mbili hivi, dawa ipate muda wa kushuka hadi kwenye vijiti.

Kundi la tatu ni ndago. Wengi huiweka pamoja na nyasi, lakini shika bua lake ulizungushe kati ya vidole: utahisi pembe tatu. Chini kuna vinundu vilivyoungana kama shanga. Dawa ya kuunguza itachoma majani yake leo, na wiki ijayo vinundu vitatoa majani mengine. Ndago hukomeshwa kwa kuichosha msimu baada ya msimu: dawa inayosafiri kabla ya kupanda, na kivuli cha zao linalofunika ardhi haraka, kwa sababu ndago haipendi kivuli.

Kuna pia gugu linalotambaa, lenye ua dogo la buluu, ambalo wengi huliita kongwa. Glaifoseti hailitishi sana. Mkulima anayepiga dawa hiyo pekee mwaka hadi mwaka huona magugu mengine yakipungua na kongwa likizidi, kwa sababu amewaondoa washindani wa kongwa. Liondoe kwa mkono na ulitoe nje ya shamba. Likiachwa kwenye udongo wenye unyevu, kila kifundo huota mizizi upya.

SWALI LA PILI: LIMEFIKIA UMRI GANI?

Samaki mkunje angali mbichi. Gugu lenye majani mawili hadi manne hufa kwa kipimo kile kile ambacho gugu lililofika magotini hukitemea mate. Umri wa gugu ndio unaoamua aina ya dawa.

Kuna dawa za kusafishia shamba kabla ya kupanda. Glaifoseti ndiyo maarufu, na haichagui: kila chenye jani la kijani kikiguswa kinaumia. Kuna dawa za kuzuia, zinazopigwa baada ya kupanda na kabla ya magugu kuota. Esi-metolakloro, pendimethalini na atrazini ziko humo, ingawa atrazini huua pia magugu machanga yaliyokwisha kuota. Dawa hizi hutaka udongo wenye unyevu na uliolainishwa. Kwenye udongo mkavu wa mabonge ni fedha zilizomwagwa. Tatu, kuna dawa za baada ya kuota, zinazochagua, kama 2,4-D kwa majani mapana na nikosulfuroni kwa nyasi nyingi ndani ya mahindi. Hata mahindi yana umri wake: 2,4-D ikipigwa mahindi yakiwa makubwa, mabua huwa mepesi kuvunjika na mizizi ya juu hujikunja. Lebo itakuambia mwisho ni majani mangapi.

Gugu lenye kiu nalo halinywi dawa vizuri. Shamba likiwa limekauka na majani yamejaa vumbi, subiri mvua inyeshe na magugu yachangamke.

SWALI LA TATU: KARIBU NA ZAO GANI?

Hapa ndipo wakulima wa mazao mchanganyiko huumia. Mahindi na maharage, mahindi na mbaazi, mahindi na kunde: ni kilimo cha busara, na dawa nyingi za mahindi hazikijui. Atrazini na 2,4-D zote zitaua maharage yaliyo katikati ya mahindi. Atrazini inaweza pia kubaki udongoni ikayaharibu maharage au mboga za msimu unaofuata. Kama lebo haikuyataja mazao yako yote mawili, hiyo si dawa ya shamba lako. Njia iliyo salama kwa wengi ni dawa kabla ya kupanda, na jembe baada ya kuota.

Majirani nao ni mazao. Mvuke na matone ya 2,4-D husafiri kwa upepo, na pamba, nyanya, tumbaku na mizabibu huisikia dawa hiyo hata ikiwa shamba la pili. Mimi mwenyewe nimeharibu nyanya bila upepo wowote. Niliazima bomba lililokuwa limepigiwa 2,4-D, nikalisuuza mara moja, nikatia dawa ya wadudu. Baada ya siku tatu majani ya juu yalikuwa yamejikunja na kusokotana kama uzi, na vitumba vikadondoka. Tangu hapo bomba la magugu nyumbani kwangu lina alama ya rangi nyekundu na halifanyi kazi nyingine. Asiyeweza kumiliki mabomba mawili alioshe kwa maji na sabuni, maji yapite hadi kwenye nozeli, arudie mara tatu, na hata hivyo asilipeleke kwenye nyanya.

PIMA KWA MAJI KWANZA

Vipimo vya vijijini ni vizibo. "Tia vizibo vitatu kwa bomba." Kizibo cha nani? Vizibo havilingani, na watu hawatembei kwa mwendo mmoja. Zoezi lifuatalo halichukui nusu saa na halina gharama.

Pima eneo la mita 10 kwa 10, uweke vijiti pembeni. Jaza bomba maji matupu hadi kwenye alama. Piga maji katika eneo lile kwa mwendo wako wa kawaida, ukipampu kama kawaida. Kisha ongeza maji kwa jagi lenye vipimo mpaka alama ile ile irudi, ukihesabu umeongeza kiasi gani. Ekari moja ni kama mara 40 ya eneo hilo.

Tuseme umetumia lita 2. Mara 40 ni lita 80 kwa ekari, yaani mabomba matano ya lita 16. Lebo inasema lita 3 kwa hekta. Hekta ni takriban ekari mbili na nusu, kwa hiyo gawa 3 kwa 2.5, upate lita 1.2 kwa ekari, sawa na mililita 1,200. Gawa kwa mabomba matano: mililita 240 kila bomba.

Mwanao akipiga yeye, mwendo wake ni wa haraka na anatumia lita 1.2 tu kwenye eneo lile. Hizo ni lita 48 kwa ekari, mabomba matatu. Yeye anahitaji mililita 400 kila bomba. Akitumia kipimo chako cha 240, ekari nzima itapata mililita 720, zaidi kidogo ya nusu ya inayotakiwa. Magugu yatanyauka, kisha yatainuka, na dukani atalaumiwa muuzaji.

Angalia pia nguvu ya dawa iliyoandikwa. Chupa moja ya glaifoseti inaweza kuandikwa gramu 480 kwa lita na nyingine 360, na zikawa na nguvu ile ile. Ya kwanza imehesabu uzito wa chumvi yake, ya pili imehesabu asidi peke yake. Fuata kipimo cha lebo ya chupa uliyoishika mkononi.

SIKU YA KUPIGA DAWA

Chagua asubuhi au jioni yenye utulivu. Majani ya miti yakitikisika, ahirisha. Mvua ikinyesha ndani ya saa sita hivi baada ya kupiga, glaifoseti nyingi itaoshwa, kwa hiyo tazama mawingu.

Tazama na maji. Glaifoseti na parakwati hujishika kwenye chembe za udongo. Ukichota maji ya dimbwi yenye tope, dawa itakuwa imekwisha kazi ndani ya bomba kabla haijafika kwenye jani. Chota maji angavu na uyachuje kwa kitambaa. Maji ya chumvi nayo huipunguza nguvu glaifoseti.

Tumia nozeli ya feni, inayotoa dawa kwa umbo la kipepeo cha mkono, badala ya ile ya koni inayotumika kwa wadudu. Ikiziba, izibue kwa maji au brashi laini. Wapo wanaoitia mdomoni na kuipuliza, na huo ni mlo wa sumu.

Vaa shati la mikono mirefu, glovu za mpira, miwani, barakoa, kofia na buti za mpira. Suruali ipite nje ya buti, vinginevyo kila tone litateremkia ndani. Hatari kubwa zaidi iko wakati wa kuchanganya, dawa ikiwa bado haijazimuliwa. Ukibana matumizi ya vifaa, usibane hapo. Usile, usivute sigara, usipokee simu kwa mkono wenye dawa. Ukimaliza oga kwa sabuni, na nguo zifuliwe peke yake.

Kwenye lebo kuna utepe wa rangi: nyekundu kwa sumu kali kabisa, kisha njano, buluu na kijani. Rangi husaidia, lakini haisemi yote. Parakwati kwa kawaida huwa katika utepe wa njano, na bado funda moja tu linaweza kumuua mtu mzima, na hakuna dawa ya kuivunja sumu yake. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007, na nchi nyingi zimefuata. Ushauri wangu ni mfupi: isiingie nyumbani kwako.

Glaifoseti ina mjadala wake. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka za udhibiti za Marekani na Ulaya zilifikia uamuzi tofauti, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliipa kibali kwa miaka kumi zaidi. Wataalamu wakiendelea kubishana, mkulima ana jambo moja lililo ndani ya uwezo wake: kupunguza kiasi kinachomgusa.

Dawa ikimwagikia ngozi, vua nguo na uoshe kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Mtu akiinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na chupa au lebo, kwa sababu swali la kwanza la daktari litakuwa "amekunywa nini?"

SHAMBA LILILOBAKI KIJANI

Kila dawa ina mwendo wake wa kuua. Parakwati huunguza majani ndani ya saa chache. 2,4-D huyapinda kwa siku moja au mbili. Glaifoseti hukaa kimya: magugu yanaweza kuendelea kuwa mabichi kwa wiki nzima kabla ya kuanza kuwa njano. Ukimya huo ni mtego. Mtoto anayetumwa kuchuma mnavu jioni haoni tofauti, na mbuzi hawaoni pia. Weka alama inayoonekana kwenye njia ya kuingilia shamba, kitambaa chekundu kwenye mti kinatosha, na uwaambie majirani wanaopita humo.

Chupa iliyokwisha isuuze mara tatu, kila mara maji yale uyamimine ndani ya bomba ukayapige shambani. Kisha itoboe. Chupa iliyotobolewa haiwezi kuuziwa mafuta ya taa wala kubebewa maziwa, na haiwezi kujazwa dawa feki.

DAWA IKIGOMA

Dawa ikishindwa kuua, anza kwa kujichunguza: kipimo, maji, mvua, umri wa gugu. Kisha ichunguze chupa. Uchunguzi mmoja wa chupa za glaifoseti uliofanywa Uganda ulikuta kuwa karibu chupa moja katika kila tatu ilikuwa na kiambato pungufu ya robo tatu ya kilichoandikwa. Nunua duka lenye leseni, kagua kifuniko kama kimeguswa, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, dai risiti. Tanzania dawa husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao Arusha. Kenya kazi hiyo hufanywa na bodi ya kudhibiti viuatilifu, PCPB. Dawa isiyo na namba ya usajili kwenye lebo iache rafuni.

Yote hayo yakiwa sawa na bado magugu yanasimama, huenda ni usugu. Katika maelfu ya magugu, machache huzaliwa na uwezo wa kuivumilia dawa. Ukipiga dawa ile ile kila msimu, unayaua mengine yote na kuyaachia hayo machache shamba na mbegu. Usugu dhidi ya glaifoseti uliripotiwa kwa mara ya kwanza Australia mwaka 1996. Mwaka huo huo Marekani walianza kupanda soya iliyobadilishwa vinasaba ili isife kwa glaifoseti, na baadaye pamba na mahindi ya aina hiyo. Mkulima alipiga dawa juu ya zao lenyewe, magugu yakafa, zao likabaki. Kwa miaka kadhaa ilionekana kama palizi imekufa.

Mwaka 2005 jimboni Georgia ikathibitishwa kuwa kuna mchicha usiokufa. Ni ndugu wa mchicha wetu, huota hadi kumzidi mtu kimo, na mmea jike mmoja hutoa mbegu kwa malaki. Wanasayansi walipouchunguza waligundua kuwa umejiongezea nakala za jeni ile ambayo glaifoseti huishambulia, katika baadhi ya mimea zaidi ya mia, kiasi kwamba dawa ilizidiwa idadi. Wakulima wa pamba wenye mashine za mamilioni wakaajiri watu wa kupita mistarini na majembe.

Somo lake kwa mwenye ekari mbili ni hili: kubadilisha chupa si kubadilisha dawa. Madukani kuna majina mengi ya biashara yenye kiambato kimoja. Soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Kama mwaka jana kiambato kilikuwa glaifoseti na mwaka huu ni glaifoseti, hujabadilisha kitu ila rangi ya kizibo. Lebo nyingine huonyesha namba ya kundi: glaifoseti ni kundi la 9, 2,4-D la 4, atrazini la 5. Zungusha makundi, na magugu yaliyobaki baada ya dawa yang'oe kwa mkono kabla hayajakomaza mbegu. Hayo machache ndiyo mzazi wa usugu.

JEMBE BADO LINA KAZI

Gugu moja linaonyesha kuliko yote kwa nini bomba peke yake halitoshi: kiduha. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu, na zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Huamka zinaponusa kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mhindi au mtama, zikaung'ang'ania mzizi huo na kunyonya. Ua lake la zambarau au jekundu linapojitokeza juu, mhindi umeshanyonywa wiki kadhaa chini ya ardhi. Kuling'oa wakati huo hakuuponyi mhindi ule, lakini kunazuia mbegu za miaka ijayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Magharibi mwa Kenya zimetumika njia mbili. Moja ni mahindi yenye uvumilivu wa dawa ya imazapiri, ambayo mbegu yake hupakwa dawa hiyo kabla ya kupandwa. Kiduha hufa kinapoushika mzizi. Mbegu hizo ziliuzwa kwa jina la Ua Kayongo, kayongo likiwa jina la Kijaluo la gugu hilo. Anayezipanda anawe mikono kabla ya kushika mbegu za maharage, la sivyo hayataota vizuri. Njia ya pili ni vuta-sukuma, iliyobuniwa na watafiti wa kituo cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza. Desmodiamu, mmea wa malisho, hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na matete kuzunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu huzidanganya mbegu za kiduha ziamke kisha huzizuia zisishike mzizi wa mhindi. Harufu yake hufukuza nondo wa viwavi vya mabua, na matete huwavuta nje. Mwisho wa siku ng'ombe anapata malisho. Ugumu wake ni kupata mbegu za desmodiamu, na palizi ya makini ya msimu wa kwanza kabla haijafunika ardhi.

Usipokuwa na kiduha, kuna mengine ya bei nafuu. Panda kwa nafasi sahihi ili mahindi yafunike mapema. Weka mbolea shimoni badala ya kuitupa shamba zima, ambako sehemu yake hulisha magugu. Acha mabua yafunike udongo. Panda fiwi au maboga katikati. Badilisha zao: mwaka wa mahindi ufuatwe na mwaka wa mikunde au alizeti. Katika mpunga, maji yenyewe ni dawa, kwani shamba lililosawazishwa vizuri na kushika maji huyazamisha magugu mengi kabla hayajapumua.

DAFTARI NA KAUNTA

Nunua daftari la shule. Kila msimu andika mistari mitano: zao, magugu yaliyokuwa mengi, kiambato ulichotumia, tarehe, na kilichobaki kimesimama baada ya wiki tatu. Baada ya misimu mitatu daftari hilo litakuambia mambo ambayo hakuna muuzaji anayeweza kuyajua, kwa sababu hajawahi kuingia shambani kwako.

Kisha ukifika kaunta, baada ya salamu, anza hivi: "Nina mahindi na mbaazi. Mahindi yana majani manne. Kishonanguo ni kingi, na ndago imeanza upande wa bondeni. Mwaka jana nilitumia glaifoseti." Muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza la tano, na huenda akakwambia kwamba kwa shamba hilo, mwezi huu, hana dawa ya kukuuzia ila mpini wa jembe. Asiyeijua atanyoosha mkono kwenye chupa ya kizibo cheusi. Huyo mwachie chupa yake.